Siku 9, nchi 4, miji 7: bwana anataka yote, mi naona tutalala tu mu bisi

Yaya jambo,

Mi niko mama wa watoto watatu, tunaishi Katuba hapa Lubumbashi, niko na miaka 36 na bwana yangu 41. Mwaka huu tunafikisha miaka 10 ya ndoa na tangu tuoane hatujawahi kutoka sisi wawili tu, kila safari ilikuwa ya kilio ao ya kununua vitu Kasumbalesa pale mpakani na kurudi siku ile ile. Sasa Mungu amesaidia, likelemba yangu (ile michango ya wenzangu tunayopokea kwa zamu) imenifikia, bwana naye amepata primu ku kazi (anafanya ku mgodi), tukiweka pamoja tuko na dola 1,600 za kutembea tu, watoto watabaki kwa nkambo yao. Konje yake (likizo) ni ya Agosti, tutatoka Jumamosi na Jumatatu ya wiki inayofuata lazima awe ku kazi, maana yake tuko na siku 9.

Shida ni listi. Bwana alikaa na telefone usiku mzima, asubuhi akanionyesha: Kitwe, Lusaka, Livingstone, Katima Mulilo, Kasane, Bulawayo, Harare. Nchi nne! Zambia, Namibia, Botswana, Zimbabwe. Yote kwa bisi. Nikamuuliza na kulala tutalala wapi, akasema bisi za usiku zinasaidia, otele ni kupoteza makuta. Nikamwambia hii si konje hii ni mashindano, akakasirika, akasema mi sipendi kutembea, eti wenzake ku kazi wako na pasipoti zimejaa stempu na yeye ya kwake iko nyeupe. Tumekaa siku tatu tunaongea tu mambo ya chakula na watoto.

Yaya na kuna kitu kingine sijamwambia. Mi nataka bahari. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, alifika Dar es Salaam mara moja tu kabla sijaanza masomo, na alirudi na chupa ndogo ya maji ya bahari, akanipa nionje kwa sababu sikuamini kwamba maji yote yale yanaweza kuwa na chumvi. Baba alikufa 2011. Kila nikisikia safari mi nafikiri ile chupa. Lakini nikiongeza Dar ku listi ya bwana si itakuwa nchi tano?

Na ya mwisho, wifi yangu yuko Kitwe, ameshasikia, anasema tukipita bila kulala kwake siku tatu asituone tena.

Pasipoti yangu ni mpya, ya bwana inaisha Januari, karti za njano tunazo za tangu 2014. Nisaidie kuchagua, na nisaidie namna ya kumwambia bila kupigana.

Mama wa watatu, Katuba

*

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako mara mbili na kitu cha kwanza kilichonishtua hakiko mu listi ya bwana, kiko ku mstari wako wa mwisho, ule ulioandika haraka haraka. Pasipoti ya bwana inaisha Januari na ninyi mnasafiri Agosti. Hesabu na vidole, ni miezi mitano. Nchi za upande ule kwa kawaida wanataka pasipoti iwe na miezi 6 mbele yake siku unayoingia, na ofisa wa mpakani akiona mitano anaweza kumrudisha bwana, wewe uko pembeni na mizigo yenu chini. Kwa hiyo kabla ya kugombana juu ya Bulawayo, wiki hii hii bwana aanze kutafuta pasipoti mpya, na msilipe otele hata moja mpaka iko mkononi. Karti za njano msiwe na wasiwasi, kama zimeandikwa na kupigwa muhuri vizuri, chanjo ya homa ya manjano tangu 2016 inahesabiwa ya maisha yote, hata karti inayoonekana ya zamani inapita. Lakini mzibebe, mtu anayetoka Kongo anaombwa hiyo karti kabla ya kuulizwa jina.

Sasa tuje ku miji.

Mi nilichukua ile listi ya bwana nikaifanyia hesabu ya barabara. Lubumbashi mpaka Lusaka ni kama kilometa 560, Lusaka mpaka Livingstone kama 480, halafu toka maporomoko ya Victoria, pale karibu na Livingstone, mpaka Bulawayo ni 440 hivi, Bulawayo mpaka Harare 440 tena, Harare kurudi Lusaka kwa mpaka wa Chirundu karibu 500, halafu zile 560 za kurudi nyumbani. Ukijumlisha unakaribia kilometa 3,000, na Katima Mulilo na Kasane bado sijaziweka! Kwa bisi, na kila mpaka unashuka, unapanga mustari, unapigwa stempu ya kutoka, unatembea, unapanga mustari tena, stempu ya kuingia, unasubiri wenzako wote wa bisi wamalize. Mpaka mmoja unaweza kula asubuhi nzima. Bwana ana mipaka mingapi mu listi yake? Mi nimehesabu sita, kutoka Kasumbalesa mpaka kurudi Kasumbalesa, na hapo nimefikiri kwamba ile mingine yote mnaipita mara moja tu.

Mi na mume wangu tulifanya kosa hilo miaka ya nyuma, Lusaka, Bulawayo, Harare na kurudi, siku 6. Bulawayo tuliingia usiku na tukatoka kabla ya jua. Watu wananisimulia juu ya zile barabara zake pana na mawe ya Matobo yaliyopandana, mi nakubali tu na kichwa, nilifika na sikuona. Iliniuma na bado inaniuma, kwa sababu yale makuta tuliyatafuta miaka miwili.

Kwa hiyo ushauri wangu uko hivi: acheni kuhesabu miji, hesabuni vitanda. Ninyi mko na usiku 8. Chukueni karatasi, andikeni Jumamosi mpaka Jumamosi, na kila usiku andikeni jina la mji mmoja ambao mtalala ndani yake, kitandani, mkiwa mmevua viatu. Mji ambao haupati usiku wala haupati mchana mzima, huo hamtauona, mtaupita tu. Na ile ya kulala mu bisi ili kuokoa makuta ya otele, hapana. Unaokoa dola 30 na unapoteza siku nzima inayofuata kwa usingizi na kichwa kuuma, halafu miaka 10 ya ndoa inasherehekewa na shingo imekauka.

Sasa habari nzuri, na hii njo ya kumpelekea bwana: ile kiu yake ya stempu inaweza kupona bila kuzunguka nusu ya Afrika. Livingstone iko pahali pa ajabu. Toka mjini mpaka maporomoko ni kama kilometa 10. Pale pale ku maporomoko kuna daraja la chuma la mwaka 1905, upande huu Zambia, upande ule Zimbabwe, unavuka na miguu yako. Na ukienda upande wa magharibi kama kilometa 65 uko Kazungula, ambapo kuna daraja lingine lililofunguliwa Mei 2021, lina urefu wa mita 923 na limepinda katikati ili lisiguse ardhi ya Zimbabwe, ukilivuka uko Botswana na Kasane iko karibu tu. Zamani pale mulikuwa kivuko, malori yalikuwa yanasubiri siku na siku. Yaani mnalala kitanda kimoja usiku nne, begi liko pahali pamoja, na bwana anapata nchi tatu. Namibia mwachieni, Katima Mulilo ni safari ya karibu kilometa 200 kwenda na nyingine 200 kurudi, juu ya stempu tu.

Na Agosti kwa kweli ni mwezi mzuri kwa hiyo pembe. Wengi wanaambiwa waende Machi mpaka Mei maji yakiwa makubwa, ni kweli kishindo chake unakisikia mbali, lakini ule unyevu unapanda sana mpaka unaficha maporomoko yenyewe, unalowa mpaka ndani na picha zako zote ni nyeupe. Oktoba na Novemba nayo upande wa Zambia maji yanapungua mpaka sehemu kubwa inabaki mwamba mtupu, na watu wanarudi wamenuna. Agosti iko katikati: maji yako na macho yanaona. Ni upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108, na hata jina lake utalisikia kama la nyumbani, Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Na upande wa Kasane, Agosti ni kiangazi, vidimbwi vya porini vimekauka kwa hiyo tembo wanateremka ku mto Chobe kunywa. Botswana iko na tembo karibu 130,000, hakuna nchi yenye kuipita, na saa kumi za mchana ukipanda mtumbwi wa mota pale utawaona wanaogelea kuvuka mto na watoto wao katikati, mikonga juu. Mi ningekuwa na siku moja tu ya kulipa pesa nyingi, ningeilipa pale.

Namna mi ningepanga: Jumamosi mtoke nyumbani bado giza, mpite Kasumbalesa mapema, mlale Ndola na msijilazimishe kufika Lusaka, hiyo barabara ya Ndola na Lusaka wako wanaipanua, kuna vipande vya kuchelewesha, na hamjui mpaka utawaachia saa ngapi. Jumapili Lusaka. Lusaka usiku mmoja unatosha, ni mji wa kazi na biashara, mtakula vizuri, mtapumzika. Jumatatu bisi ya asubuhi mpaka Livingstone, ni mwendo wa saa sita ao saba. Jumanne maporomoko upande wa Zambia na daraja. Jumatano Kasane. Alhamisi bwana akitaka Zimbabwe mvuke, kwa sababu kusema ukweli sehemu kubwa ya maporomoko inaonekana uso kwa uso toka upande ule, kama mmechoka mpumzike, kuna Livingstone Museum, ni ya mwaka 1934, ya zamani kupita zote za Zambia, na mji wenyewe ulikuwa kapitale ya nchi mpaka 1935 kabla ya Lusaka, ile mitaa yake bado ina majengo ya wakati ule. Ijumaa Lusaka, Jumamosi Kitwe kwa wifi, Jumapili nyumbani. Hiyo ni usiku 8 na hakuna hata mmoja mu bisi.

Umeona wifi nimemuweka wapi. Nimemuweka mwisho na nimefanya kwa makusudi. Mkipita kwake wakati wa kwenda, atasema kaeni hata kesho, na kesho atasema kuna jamaa anakuja kuwaona, na ninyi mtaona haya kukatalia mkubwa na konje itaishia sebuleni kwake. Wakati wa kurudi bwana anasema Jumatatu niko ku kazi, na hakuna mtu wa familia anayemkataza mtu kwenda ku kazi. Usiku mmoja, zawadi toka Livingstone mkononi, picha za kumuonyesha, ataridhika. Lakini juu ya zile siku tatu anazotaka, bwana ndiye amwambie, tena kwa simu, kabla ya safari. Isitoke mdomoni mwako. Ikitoka kwako itakuwa umemkataza ndugu yake, na hiyo utaisikia miaka.

Viza. Hapa nakuomba usimsikilize mtu yeyote aliyekwambia "mi nilipita tu". Kila nchi iko na sheria yake kwa pasipoti ya Kongo na zinabadilika, kwa hiyo kwa Zambia nendeni wenyewe ku konsula yao hapa Lubumbashi na pasipoti mkononi, kwa Botswana na Zimbabwe mpate jibu la maandishi toka kwao kabla ya kulipa chochote. Muulize swali moja ambalo watu wengi wanasahau: kama nikitoka Zambia kwenda Zimbabwe nusu siku na kurudi, ruhusa yangu ya Zambia bado ina uhai ao imekufa? Ikiwa ni ya kuingia mara moja tu, utakwama katikati ya daraja. Kuna ile viza moja ya KAZA, dola 50, siku 30, inayobeba Zambia na Zimbabwe pamoja na kukuruhusu siku moja ya kuingia Kasane kwa Kazungula, lakini haipewi kila pasipoti, muulize kama ya kwetu iko ndani. Na kama Zimbabwe ikishindikana kabisa, bado mnaweza kuomba karatasi ya daraja ku maofisa wa Zambia, wanakuacha utembee mpaka ku mstari wa katikati na kurudi. Bwana asimame pale, mguu mmoja huku mguu mwingine kule, umpige picha.

Makuta yenu 1,600 yatatosha kwa mpango huu kama hamtakimbilia otele za kando ya mto. Toa 200 uzifiche pembeni ya zingine, usiziguse. Zambia mtalipa kwa kwacha, Botswana kwa pula, Zimbabwe dola inapita kila pahali. Na sikia hii: hapa kwetu nota ya dola 1 wengi wanaikataa, kule Zimbabwe njo unayoihitaji zaidi, kwa taksi, kwa maji, kwa ndizi, kwa sababu chenji ni shida. Kama kuna mtu wa familia ana zile nota za 1 zimelala nyumbani, mzichukue. Msibebe nyama mbichi wala maziwa kuingia Botswana, wanalinda ng'ombe zao sana, hata viatu wanaweza kukukanyagisha ku dawa. Na kule kote magari yanapita kushoto, ukivuka barabara uangalie kulia kwanza, hiyo imeshaangusha watu wetu wengi. Kiswahili chenu kitaanza kupungua nguvu mara tu baada ya Kasumbalesa, lakini kama mnasikia Kibemba, Ndola na Kitwe mko nyumbani. Na bukari (ugali) ipo kila pahali, wao wanaiita nshima.

Sasa bahari.

Nimeiacha mwisho kwa sababu ni ngumu, na nakwambia wazi: bahari haiingii mu safari hii. Kwa barabara toka Lusaka mpaka Dar es Salaam ni kama kilometa 2,000, kwenda na kurudi mnamaliza konje yote. Treni ya TAZARA, ile reli ya Tanzania na Zambia, toka Kapiri Mposhi kule Zambia ni kilometa 1,860, ratiba inasema kama siku mbili na mara nyingi inachelewa, na reli iko mu matengenezo makubwa, huwezi kuweka siku 9 za bwana juu yake. Ndege inawezekana, ila tiketi za watu wawili zitakula sehemu kubwa ya hayo makuta, halafu mtakaa ku ufuko mnahesabu franka. Bahari ya baba yako usiione hivyo.

Lakini mwambie bwana. Hilo njo ninalotaka ufanye kabla ya mambo ya karatasi na vitanda. Yeye anafikiri hupendi kutembea, kwa sababu amesikia tu "hapana" yako, hajasikia ile chupa. Chagua jioni watoto wamelala, usianze na listi yake. Msimulie baba yako, namna ulivyoonja, namna hukuamini. Halafu mwambie, mwaka huu twende pahali unapotaka wewe, Livingstone, nchi zako tatu, mi nitasimama nawe ku daraja, na likelemba yangu inayofuata iwe ya Dar, sisi wawili, siku nyingi, mji mmoja. Mwanaume anayeona nyeupe ya pasipoti yake inamuuma ataelewa kitu ambacho kimemuuma bibi yake tangu utoto, mi nina imani naye, kwa sababu mtu anayekaa usiku mzima na telefone kutafuta miji ya kumpeleka bibi yake si mtu mbaya.

Akikataa hata baada ya hapo, akishikilia miji saba, basi mpe kalamu na ile karatasi ya usiku 8, ajaze mwenyewe. Usiseme neno, mwache ajaze. Akifika Alhamisi ataona.

Na kesho asubuhi, ile pasipoti.

Yaya